Punda wa Kusomea

Kila asubuhi, kabla ya kwenda stesheni alikokuwa karani wa tiketi, Lukasi alinyoa ndevu uani mbele ya kioo kidogo alichokitundika kwenye mpapai. Mkewe Grasiana alimletea maji ya moto katika kopo la bati, kisha akarudi jikoni kukoroga uji. Wakati huo hawakusemezana. Lukasi aliamini kwamba mtu akizungumza huku ananyoa atajikata, na Grasiana aliamini kwamba uji ukiachwa kidogo tu utafanya madonge. Nyumba yao ya Korogwe ya Zamani ilianza siku zake hivyo, kwa ukimya mzuri, wembe ukikwaruza upande mmoja na mwiko ukizunguka upande wa pili.

Jumatatu hiyo Lukasi alikuwa amemaliza shavu la kulia na kupaka povu la kushoto aliposikia hodi. Baada ya hodi akasikia punda akilia, si barabarani, bali pale pale nyuma ya ua wa mabua.

"Mama Simeo," alisema bila kugeuza shingo, "huyo ni punda?"

"Nadhani," Grasiana alijibu, na mwiko ukamponyoka.

Alitoka mbio akijifuta mikono kwa ncha ya kanga. Langoni walisimama wanaume watatu wenye vumbi la safari hadi magotini. Wa mbele alikuwa Mzee Mdoe wa Handeni, mfupi, amevaa koti jeusi zito ingawa jua lilikwisha kuwaka. Pembeni yake alikuwepo rafiki yake Mbaruku, mrefu, mwenye kofia safi na fimbo. Nyuma yao, akiwa ameshika kamba na kutazama chini, alikuwepo Ernesti, mpwa wa Mzee Mdoe, yule kijana fundi seremala ambaye kila wiki alikuja na lori kufuata mizigo stesheni na kuomba maji ya kunywa nyumbani hapo. Na mwisho wa kamba alisimama punda jike wa kijivu, macho mapole, amefungwa kitambaa cheupe shingoni.

Grasiana alimwona punda tu. Wale watu watatu aliwasalimia vizuri, akawaamkia wazee, akauliza habari za njia, akaambiwa kwamba walilala Sindeni na kwamba mnyama hakuwasumbua. Lakini moyo wake ulikuwa umeshafika kwa punda.

Ni miaka miwili sasa Grasiana alikuwa akisoma kwa posta. Bahasha zilitoka Uingereza zikiwa na kichwa cha Malkia kwenye stempu, na Lukasi mwenyewe ndiye aliyezileta kutoka posta, akazibwaga mezani na kusema, "Farasi wako hao." Ndani yake mlikuwa na masomo ya kumtunza farasi: namna ya kumlisha, kumsugua, kumkagua miguu, kumtambua akiumwa. Grasiana alikuwa mwalimu kabla hajaolewa na Kiingereza alikijua. Farasi ndiye hakuwepo. Mbung'o wa nyika ile hawakumwacha farasi aishi. Hata wazungu wa mashamba ya mkonge walikuwa wameacha kujaribu. Grasiana alijifunza majina ya mifupa kwa picha iliyobandikwa nyuma ya mlango wa chumba, na alijizoeza kufunga bandeji kwenye miguu ya meza.

Sasa ilikuwa imebaki sehemu ya mwisho. Ili apate cheti, alitakiwa amtunze mnyama kwa mikono yake mwezi mzima na kuandika anachokiona. Aliandika kueleza habari za mbung'o, nao wakamjibu kwa upole kwamba asiye na farasi anaweza kutumia punda. Siku chache baadaye Ernesti alipokuja kunywa maji, Grasiana alimsogelea.

"Ernesti, kwenu mna punda?"

"Mjomba anao, mama."

"Nina haja na mmoja. Jike, mpole, mzima wa miguu. Nikae naye hapa nyumbani kwa muda." Alitaka kusema ni kwa masomo, lakini alikwisha kuchoka kuchekwa. "Usimtangazie mtu. Mwambie mjomba wako tu."

Ernesti alitazama mlango wa jikoni, ambako Serafina, mdogo wake Lukasi, alikuwa akipepeta mchele. Masikio yake yakapata moto. "Nimeelewa, mama," alisema.

Hakuwa ameelewa hata kidogo.

"Tumekuja kwa wema," Mbaruku alianza sasa, akiegemea fimbo yake. "Tumesikia kilichotajwa, na kilichotajwa tumekileta."

"Ndiye hasa!" Grasiana alisema. "Asanteni. Asanteni sana. Naweza kumtazama?"

Wazee wakatazamana. "Haki yenu," Mzee Mdoe alisema.

Grasiana akamwendea punda kutoka upande wa bega la kushoto, kama alivyofundishwa. Akamgusa shingo. Akamfunua mdomo, akayatazama meno ya mbele, kisha ya pembeni. Akapitisha kiganja kwenye mgongo, akashuka nacho mguu wa mbele hadi kwenye kwato, akaukanda mshipa wa nyuma ya goti taratibu, macho ameyafumba. Akarudia mguu wa pili. Akamvuta hatua chache aone kama anachechemea. Akarudi akachungulia masikio.

"Hawa ni watu makini," Mbaruku alimnong'oneza mwenzake. "Nimekwenda kuposa nyumba nyingi. Sijaona kitu kinakaguliwa namna hii."

"Washambaa hao," Mzee Mdoe alisema kwa heshima.

Grasiana aliinuka, uso umemng'aa. "Nimeridhika naye," alisema. Akaipokea kamba kwa mikono miwili na kuifunga kwenye mti wa fenesi uani.

Mbaruku akainua fimbo juu, akashukuru Mungu kwa sauti. Bi Afisa, jirani muuza vitumbua ambaye alikuwa amekwisha kuchungulia juu ya ua, akapiga kigelegele kilichowatoa kuku kwenye kiota. Hapo ndipo Lukasi alipotokea, shavu moja safi na jingine limejaa povu. Mzee Mdoe akamshika mkono kwa mikono miwili na kumwita mkwe.

Lukasi alidhani ni adabu ya watu wa Handeni. Akamwita mkwe naye.

*

Wageni walikunywa uji, wakaaga. Walisema watafikia kwa ndugu yao kule Masuguru na kwamba watarudi Jumapili kwa mazungumzo yenyewe.

"Mazungumzo gani?" Lukasi aliuliza walipoondoka. Povu lilikuwa limemkaukia.

"Labda masharti ya kumtunza," Grasiana alisema. Alikuwa akikifungua kile kitambaa cheupe shingoni mwa punda. "Maskini, wamemfunga kitambaa kwa ajili ya jua."

Bi Afisa alikuwa ameshaingia bila hodi, kikapu cha vitumbua kichwani. "Jua?" alisema. "Jua gani? Mama Simeo, wewe mwalimu mzima! Mimi Mzigua, nikwambie. Hicho ni kitambaa cha posa."

"Posa ya nani?"

"Mimi nina mume, wewe una mume. Humu ndani kabaki nani?"

Lukasi aliketi juu ya kinu.

Bi Afisa aliwaeleza, na hakuona haraka, maana habari ilikuwa tamu. Kwa watu wa kina Mdoe, mwanamke wa nyumba yenye binti ndiye anayeanza. Hatamki posa. Anamwita kijana pembeni, anataja kitu anachokihitaji, na anamwambia asitangaze. Kijana anampelekea mjomba wake, na mjomba, kwa kuwa kwao mjomba ndiye mwenye mtoto, anakileta kitu kile. Kikipokewa na kamba ikafungwa uani, jibu limeshatolewa. Kinachobaki ni kuzungumza mahari.

"Kwa kawaida hutajwa mbuzi," Bi Afisa aliongeza. "Punda ndiyo kwanza nasikia. Nilisema moyoni, hawa wa nyumba ya karani wana makuu."

"Lakini mimi nilitaka punda!" Grasiana alisema.

"Na umempata, mwenzangu."

"Nilitaka punda wa kusomea!"

Bi Afisa alitua kikapu chini ili acheke vizuri. Lukasi hakucheka. Alimtazama mkewe, akamtazama punda, akajitazama kwenye kioo cha mpapai.

"Mama Simeo, umemwoza dada yangu mimi nikiwa nanyoa," alisema. "Baba mkubwa wa Magoma atanitoa ngozi."

"Nitamrudisha. Leo hii hii."

"Ukimrudisha, umekataa," Bi Afisa alisema, na safari hii hakuwa anatania. "Na wakikataliwa, hawagongi mlango huo tena. Wala mjomba, wala kijana. Ndivyo walivyo."

*

Serafina alipata habari kabla hajafika nyumbani. Alikuwa msaidizi katika wodi ya akina mama hospitalini, na njia nzima kutoka huko wanawake walimpa hongera. Alipoingia uani alikuwa bado na sare yake, mikono imekunjamana kwa sabuni. Alimtazama punda. Punda naye akamtazama.

"Nani amepokea?" aliuliza.

"Mimi," Grasiana alisema. "Wifi, nisamehe. Nilidhani ni wa kwangu."

"Kwa hiyo nimekubali."

"Serafina..."

"Nimekubali na sikuwepo. Nilikuwa nafua mashuka, wifi. Hata mikono sijanawa, nimeshaposwa." Akacheka kidogo, cheko la mtu aliyekanyagwa mguu kanisani.

"Tutamrudisha, mdogo wangu," Lukasi alisema. "Ni aibu, lakini tutaibeba. Ila tu ni kwamba hawatakuja tena."

"Hawatakuja kabisa? Hata Ernesti?"

"Hata yeye."

"Basi msiharakishe," Serafina alisema haraka, kisha akaingia ndani na kufunga mlango.

Grasiana alibaki amesimama na lile fundo la kitambaa mkononi. Mlangoni pa chumba chake, kwa upande wa ndani, picha ya farasi ilikuwa ikimngoja, mifupa yake yote ina majina. Alikuwa na punda sasa. Alitamani ardhi immeze.

*

Wiki ile Lukasi alipata kazi ya ziada dirishani. Watu walioishi Korogwe miaka yote bila kupanda treni walikuja kuulizia nauli.

"Bwana Karani, nikatie tiketi ya Tanga," alisema mkata mkonge mmoja, uso mkavu. "Punda analipa nzima au nusu?"

"Analipa sawa na wewe," Lukasi alisema. "Tena yeye hasumbui watu dirishani."

Foleni nzima ikaangua kicheko, na yule mkata mkonge akawa wa kwanza. Lakini Lukasi alipofika nyumbani alivua kofia ya kazi taratibu kuliko siku zote. Grasiana alijua kwamba amechekwa, na kwamba hatamwambia.

Kazi na punda nayo haikwenda kama ilivyoandikwa. Masomo yalisema mnyama akiguswa nyuma ya mguu kwa vidole viwili atainua kwato mwenyewe. Grasiana aligusa kwa vidole viwili, kwa vitano, kwa mkono mzima. Punda aliegemeza uzito wake wote kwenye mguu ule ule na kuendelea kutafuna ganda la ndizi. Alijaribu kumsemesha kwa sauti ya chini iliyotulia. Punda alimwegemea, akamsogeza hadi ukutani, akamwacha hapo.

"Unamsemesha lugha gani?" Bi Afisa aliuliza juu ya ua.

"Kiingereza. Maneno ni yale ya kwenye masomo."

"Msemeshe Kizigua. Huyo hajaenda shule."

Bi Afisa akamfundisha neno. Grasiana akalitamka vibaya, na punda, pengine kwa huruma, akainua mguu. Grasiana alipiga kelele ya furaha kama msichana. Alichokoa udongo kwenye kwato kwa kijiti, akaona kila kitu mahali pake kama kwenye picha, na laini zaidi, na chenye joto. Hakuna picha iliyokuwa imemwambia habari za lile joto. Kwa dakika kadhaa alisahau kabisa mambo ya posa.

Kisha akainua macho, akamwona Serafina amesimama na ndoo ya maji aliyomletea mnyama.

"Anaitwa nani?" Serafina aliuliza.

"Sijui. Sikuuliza."

"Na wewe una tabia ya kutouliza, wifi," Serafina alisema, lakini kwa upole, akaweka ndoo chini. Punda akaingiza mdomo. Wote wawili wakamtazama akinywa.

"Nakuuliza sasa," Grasiana alisema. "Unamtaka Ernesti?"

"Sijaulizwa na Ernesti."

"Mimi ndiye ninayekuuliza."

"Wewe si Ernesti." Serafina alifuta mikono kwenye sare. "Anakuja hapa kila wiki. Anakunywa maji kama vile lori liko tumboni mwake. Anasema asante. Anaondoka. Halafu siku moja analetwa mjomba, analetwa mshenga, analetwa punda. Yeye mwenyewe hajaniambia hata kwamba leo kuna jua."

"Ana haya."

"Mimi pia nina haya. Lakini ningeweza kusema kuna jua."

*

Ijumaa jioni, wakati wa kula, Lukasi alisukuma sahani pembeni na kusema alichokuwa amekifikiria dirishani wiki nzima.

"Tunyamaze."

"Vipi tunyamaze?"

"Jumapili wakija, tuzungumze mahari, basi. Kijana ni mzuri. Fundi. Halewi. Serafina hajasema hamtaki. Wewe unabaki na punda wako mwezi wote, kwa sababu mazungumzo huchukua muda, na cheti chako unapata. Mimi sichekwi tena. Wazee hawaaibiki. Kila mtu anapata."

Ilikuwa kweli, na ilikuwa rahisi. Grasiana aliufikiria mwezi ule mzima, asubuhi baada ya asubuhi, brashi mkononi, bahasha ya mwisho ikiondoka kwenda Uingereza. Miaka miwili alikuwa amesoma peke yake nyuma ya mlango. Bila punda huyu hapangekuwa na mwingine. Baada ya aibu ya Jumapili, nani wa Handeni angemwazima mnyama?

"Kila mtu anapata," alisema mwishowe, "isipokuwa yule aliyekuwa anafua mashuka."

"Mama Simeo, ukisema, umempoteza punda."

"Najua."

"Na masomo."

"Najua, Baba Simeo! Usinihesabie."

Lukasi akavuta sahani yake tena. Alikula kidogo, akaacha. "Mimi sikuwahi kukuelewa na hao farasi," alisema akiutazama wali. "Lakini ile bahasha ikichelewa, mimi ndiye ninayekwenda posta mara mbili. Basi tu nikwambie."

*

Jumapili wazee walikuja baada ya misa. Mzee Mdoe alikuwa na koti lake, Mbaruku na fimbo yake. Ernesti alikaa kwenye benchi mwishoni kabisa, amevaa shati lililopigwa pasi hadi likasimama lenyewe. Baba mkubwa wa Magoma alituma salamu kwamba goti linamuuma, na Lukasi alishukuru Mungu kwa ajili ya goti lile. Serafina alikuwa jikoni, dirisha wazi, akikatakata vitunguu ambavyo vilikwisha kukatwa.

Kwa desturi Grasiana hakutakiwa kusema. Alitakiwa alete chai na kuondoka. Alileta chai, akaweka sinia chini, na hakuondoka.

"Wazee wangu," alisema. "Kabla hamjaanza. Huyu punda sikumtaja kwa ajili ya posa. Sikuijua desturi yenu. Mimi nilitaka punda."

Mbaruku alikuwa amekwisha kufungua mdomo kwa maneno yake ya ufunguzi. Aliufunga.

"Punda wa nini?" Mzee Mdoe aliuliza.

"Nasoma farasi, mzee."

"Farasi yupi?"

"Wote. Yeyote. Nasoma kwa posta, namna ya kuwatunza. Hapa farasi hakuna, ndiyo maana nikataka punda wa kujifunzia."

"Serikali imekuahidi kazi?"

"Hapana."

"Kuna mzungu ana farasi anataka mtu?"

"Hapana, mzee. Hakuna kazi. Napenda tu." Uso ulimwaka, lakini sasa alikwisha kuanza. "Nilikuwa mtoto, Lushoto, asubuhi ya baridi. Alipita farasi mmoja njiani anatoa mvuke puani. Alinitazama. Ni hilo tu. Ningemwambia Ernesti wazi, haya yasingetokea. Niliona aibu. Na kwa aibu yangu nimempokelea posa binti ambaye hakuwepo na hakuulizwa. Kosa ni langu, si la nyumba."

Nje ya ua, Bi Afisa alikuwa hata hapumui.

"Na yale meno?" Mzee Mdoe aliuliza taratibu. "Ulipomfunua mdomo?"

"Nilikuwa nautafuta umri wake."

"Na kumkanda miguu?"

"Somo la kumi na mbili."

Mzee Mdoe akamgeukia mwenzake. "Mbaruku. Uliniambia hawa ni watu makini."

"Kwani si makini?" Mbaruku alisema.

Mzee Mdoe akaanza kucheka. Alicheka hadi koti zito likapanda na kushuka, hadi akalifungua vifungo, jambo ambalo Korogwe haikuwa imeliona. Lukasi akathubutu kutabasamu. Lakini mzee alipomaliza alijifuta macho na kuvaa uso wake wa kwanza.

"Mama, umesema kweli, na ni vigumu kusema kweli mbele ya watu uliowakandia miguu ya punda wao," alisema. "Sina kinyongo. Lakini desturi ni desturi. Kilichopokewa kwa makosa hakikupokewa. Na sisi hatuposi mlango mmoja mara mbili. Ernesti, fungua kamba. Twende zetu kwa wema, kama tulivyokuja."

"Ndiyo, mjomba," Ernesti alisema.

Alikwenda kwenye mti wa fenesi. Fundo lilimchukua muda, labda kwa sababu hakuwa akiliangalia. Alipolifungua, punda alimfuata bila ubishi, hatua baada ya hatua, na hilo ndilo lililomuuma Grasiana kuliko yote. Wiki nzima mnyama yule hakuwa amekwenda popote bila kubishana. Grasiana alipangusa pua kwa kanga na kutazama sinia. Lukasi alisogea, akasimama karibu naye hadi mabega yakagusana, mbele ya wazee, kitu ambacho hakuwa na mazoea nacho.

Wazee walikuwa wamefika langoni, Ernesti na punda nyuma yao, mlango wa jikoni ulipofunguka. Serafina alitoka na kisu mkononi, macho mekundu kwa vitunguu.

"Ernesti."

Ernesti alisimama. Punda akasimama.

"Mjomba wako amesema," Serafina alisema. "Mzee Mbaruku amesema. Kaka amesema, wifi amesema, Bi Afisa hapo nyuma ya ua amesema wiki nzima. Hata punda amelia. Wewe ulikuja hapa kufanya nini?"

"Nilileta..."

"Sijauliza ulileta nini."

Mbaruku alikohoa, akasogea hatua moja ili amsaidie kijana kwa maneno mazuri, maana hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Mzee Mdoe akamshika mkono wa kanzu, akamrudisha nyuma.

Ernesti alitazama kamba, akamtazama mjomba wake, akaona hakuna msaada upande wowote. Akavuta pumzi kama mtu anayetaka kubeba gunia.

"Nakutaka wewe," alisema, kwa sauti kubwa iliyomshtua hata punda. "Nakutaka tangu mvua za mwaka jana. Kama na wewe unanitaka. Na kama hunitaki, punda abaki hapa hapa, mama amalize masomo yake, mimi nitakuja kumchukua mwezi ukiisha na sitakuomba hata maji."

Serafina alitambua kwamba bado ameshika kisu. Alikiweka juu ya kinu, akajifuta macho kwa kiwiko.

"Nakutaka," alisema. "Nilikuwa nangoja tu uniulize."

Mzee Mdoe akaichukua kamba mkononi mwa Ernesti, akampa Grasiana na kusema, "Ya kwanza haikupokewa, basi hii si mara ya pili."